Kuachiwa na Kuachwa

Lipo andiko la Kiswahili ambalo husomwa redioni karibu kila mwaka, likachapwa magazetini, likajadiliwa vijiweni siku mbili tatu, kisha likasahauliwa mpaka sikukuu nyingine. Ni tangazo la msamaha wa Rais kwa wafungwa. Aghalabu hutolewa Aprili 26, siku ya Muungano, au Desemba 9, siku ya Uhuru. Wahakiki wa fasihi hawana kawaida ya kuligusa. Naona wanapaswa, kwa kuwa ndani yake mna sentensi moja ambayo, kwa wasikilizaji wengi, ndiyo yote waliyowahi kuisikia kwa lugha yao kuhusu mfungwa anayekufa kwa maradhi.

Mpangilio wa tangazo haubadiliki sana. Kwanza hutajwa Ibara ya 45 ya Katiba, inayompa Rais mamlaka ya kusamehe. Kisha idadi ya watakaonufaika. Kisha makundi: wazee wa miaka 70 na zaidi, wanawake wajawazito na wenye watoto wanaonyonya, wenye ulemavu. Katikati ya makundi hayo huwamo wagonjwa wa UKIMWI, kifua kikuu na saratani waliofika hatua za mwisho, kwa sharti kwamba wathibitishwe na jopo la waganga chini ya Mganga Mkuu wa Mkoa au wa Wilaya. Mwishoni huja orodha ya wasiohusika: waliohukumiwa kunyongwa, wafungwa wa maisha, wenye makosa ya unyang'anyi wa kutumia silaha, dawa za kulevya, rushwa na mengine mazito. Orodha hizi hunyooshwa hapa na kupindwa pale kulingana na mwaka, lakini umbo ni lilelile.

Soma sentensi ya wagonjwa kama unavyosoma ubeti. Mtenda ni jopo. Mtendwa ni mfungwa. Kitenzi cha kwanza ni kuthibitisha, cha pili ni kuachiwa, na hapo habari inakwisha. Hakuna kitenzi cha tatu. Mtu aliyethibitishwa na madaktari wa serikali kwamba anakufa anasindikizwa na sarufi mpaka getini, na sarufi inageuka na kurudi ndani. Anakwenda wapi, kwa gari la nani, na dawa ipi mfukoni, nani atamgeuza kitandani usiku, hayo hayamo. Kiswahili chenyewe kimetuonya siku nyingi, kwa kuweka maneno mawili jirani kiasi kwamba herufi moja tu ndiyo inayoyatenga. Kuachiwa ni kupewa uhuru. Kuachwa ni kutelekezwa.

Tujaribu kukiongeza kitenzi cha tatu. Mfungwa nitakayemchukua ni wa kufikirika, lakini njia anayopita ipo. Ametoka katika gereza la Kayanga, makao makuu ya Wilaya ya Karagwe, na kwao ni kwenye miteremko inayotazama bonde la Kiruruma, bonde la majani na maji ambalo Karagwe na Kyerwa wanalitumia pamoja tangu zilipokuwa wilaya moja. Ana saratani iliyokwisha kusambaa. Nyumbani kuna mama mzee, dada aliyerudi kwao baada ya ndoa kuvunjika, migomba na mibuni. Hospitali iliyo karibu ni Nyakahanga, ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, inayotumikia wilaya nzima. Daktari bingwa wa saratani yuko mbali zaidi: Bugando kule Mwanza, ng'ambo ya ziwa, au Ocean Road, Dar es Salaam. Hata hivyo mtu aliyefika alipofika huyu hahitaji tena safari hizo. Anahitaji mtu wa kumpunguzia maumivu, kumsafisha vidonda, kumpa maji kwa kijiko, na kukaa naye.

Kwa Kinyambo, lugha ya Karagwe, kuugua ni kurwara, na kumtunza anayeugua ni kurwaza. Kiswahili kinakwenda njia hiyohiyo: kuugua, kuuguza. Lugha zote mbili zimelitoa neno la mtunzaji kwenye neno la mgonjwa, kana kwamba zinasema kwamba anayeuguza naye yumo ndani ya ugonjwa, anaugua upande wake. Kutibu ni kitu kingine. Kutibu kunatarajia kupona, kuna vifaa, kuna gharama, kuna cheti. Kuuguza hakutarajii kupona. Kunahitaji mikono na muda. Na katika nchi yetu mikono hiyo kwa kawaida ni ya mwanamke ambaye hakuna jopo lililomwita kumuuliza kama ataweza.

Kagera inalijua hili kuliko mikoa mingi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walionekana mkoani humu mwaka 1983, wakati watu walipokuwa bado wakiuita ugonjwa huo Juliana, kwa jina la nguo iliyokuwa ikivuma. Kwa miaka ishirini iliyofuata, kabla dawa za kufubaza virusi hazijaanza kutolewa bure na serikali, vijana walirudi kutoka mijini wakiwa wamekonda, na nyumba za migombani zikawa wodi. Bibi walizika watoto wao na kuanza upya kulea wajukuu. Jamii ilijifunza kuuguza bila dawa kwa kuwa hapakuwa na hiari nyingine. Ninapoisoma sentensi ya tangazo, nasikia serikali ikitegemea ujuzi ule ule wa zamani bila kuutaja, na bila kuulipia. Inajua kwamba huko aendako yuko mama.

Simaanishi kwamba abaki gerezani. Kufa ukizungukwa na watu wako ni jambo ambalo hakuna zahanati ya gereza inayoweza kulitoa, na wengi wangelichagua hata bila dawa. Ninachokikosoa ni andiko linalolihesabu tendo la kufungua geti kuwa ndiyo huduma yenyewe. Akiwa ndani, mgonjwa huyu alikuwa na mtu wa kuulizwa: mkuu wa gereza, mganga wa zamu, askari aliyeandika kwenye daftari kwamba amempeleka hospitali. Akishatoka, hayuko kwenye daftari la mtu. Akifa juma linalofuata, hahesabiwi kuwa amefia gerezani. Msamaha umemfuta kwenye vitabu kabla kifo hakijamfuta duniani.

Je, waandishi wetu wametusaidia kuliona hili? Afrika Mashariki ina fasihi nzuri ya jela, na katika Kiswahili inaongozwa na kitabu kikubwa. Abdilatif Abdalla alifungwa mwaka 1969 kwa kuandika waraka wa kisiasa, Kenya: Twendapi?, akatoka mwaka 1972, na mwaka uliofuata mashairi aliyoyatunga kifungoni yakachapishwa kwa jina la Sauti ya Dhiki. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyewekwa kizuizini Kamiti tangu mwisho wa 1977 mpaka Desemba 1978, aliandika kumbukumbu zake katika Detained. Adam Shafi, aliyekuwa miongoni mwa waliokamatwa Zanzibar baada ya kuuawa kwa Karume mwaka 1972, aliutoa uzoefu huo katika riwaya ya Haini, iliyochapishwa mwaka 2003.

Katika Detained mna tukio linalogusa mada yetu moja kwa moja. Ngũgĩ anaumwa jino. Kwenda kwa daktari kunamlazimu afungwe minyororo. Anakataa minyororo, na kwa hiyo anakosa daktari. Ukurasa huo ni wa nguvu kwa sababu unaonyesha jinsi matibabu gerezani yanavyoweza kugeuzwa kuwa chombo cha nidhamu: meno yako ni yako, lakini njia ya kufikia koleo la daktari ni ya serikali. Hata hivyo angalia kinachoufanya ukurasa huo ufanye kazi. Ngũgĩ hakushtakiwa kosa lolote. Msomaji yuko upande wake kabla hajafungua kinywa. Hivyohivyo kwa Abdilatif, aliyefungwa kwa maneno yake, na kwa Hamza wa Haini, ambaye mateso anayofanyiwa yanatuchukiza zaidi kwa kuwa tunajua hayana haki. Fasihi hii imetufundisha kumhurumia mfungwa kwa kutuambia kwamba hakustahili kuwa mfungwa.

Hiyo ni nusu ya somo. Wengi walio katika magereza yetu hawakufungwa kwa shairi. Wamo waliokata watu kwa panga, walionajisi, walioua kwa tamaa ya shamba. Nao huota uvimbe, hukohoa damu, hufa. Fasihi yetu ya jela haina nafasi kwao, na utamaduni wetu wa hadhara hauna pia. Taswira ya msamaha iliyobaki vichwani mwa Watanzania ni ya Desemba 9, 2017, siku ambayo Rais Magufuli aliwasamehe wafungwa 8,157, na wanamuziki Nguza Viking, yaani Babu Seya, na mwanawe Papii Kocha wakatoka Ukonga mbele ya kamera na umati. Ni taswira ya mlango na nderemo. Mtu anayetolewa kwa machela hana umati, na hakuna wimbo unaomsubiri.

Kwa hiyo nimetafuta kwingine andiko linalomtazama usoni mfungwa mwenye hatia anayekufa. Lililo karibu zaidi nililolipata si riwaya. Ni hukumu, na ilitolewa Arusha.

Joseph Serugendo alikuwa mkuu wa kitengo cha ufundi wa RTLM, redio ya Kigali iliyochochea mauaji ya kimbari ya Watutsi mwaka 1994, na alikuwa mjumbe wa kamati ya taifa ya Interahamwe. Sauti za watangazaji tunazikumbuka. Yeye alikuwa miongoni mwa waliohakikisha kwamba mitambo inazifikisha. Alikamatwa Gabon Septemba 2005 na kupelekwa kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda. Machi 15, 2006, alikiri makosa mawili: uchochezi wa moja kwa moja na wa hadharani wa mauaji ya kimbari, na mateso kama jinai dhidi ya ubinadamu. Kufikia wakati huo alikuwa amegundulika kuwa na ugonjwa usioponyeka. Juni 2, 2006, alihukumiwa kifungo cha miaka sita. Alifariki Nairobi, akiwa chini ya matibabu, Agosti 22 mwaka huohuo. Kati ya hukumu na kifo kulikuwa na siku 81.

Kwa mtu wa Karagwe au Kyerwa, kesi hii si ya ughaibuni. Mto Kagera ndio mpaka wa magharibi wa wilaya hizo na Rwanda. Mwaka 1994 mto huo ulibeba maiti mpaka Ziwa Victoria, na watu wa pande za ziwa wakaacha kula samaki. Wakimbizi walivuka na kupiga kambi Ngara na Karagwe, na miongoni mwao walikuwamo waliokimbia kuuawa na waliokimbia baada ya kuua. Kwa hiyo swali la jinsi ya kumuuguza mtu wa aina ya Serugendo haliwezi kuulizwa Kiruruma kwa wepesi wa darasani. Huko, watu wameuona mto.

Hukumu yenyewe inasema na masikio mawili. Sikio la kwanza ni la walionusurika, na la historia. Kwao inatoa idadi: miaka sita. Kama hesabu ya kifungo, idadi hiyo haina maana kwa mtu mwenye miezi michache, na majaji walilijua hilo, kwa kuwa waliuhesabu ugonjwa wake miongoni mwa sababu za kupunguza adhabu, pamoja na kukiri kwake na ushirikiano wake na waendesha mashtaka. Lakini idadi ilibidi iandikwe. Isingeandikwa, ugonjwa ungekuwa umemwachia huru. Sikio la pili ni la mwili wa mhukumiwa. Kuhusu mwili huo mahakama haikukaa kimya kama tangazo letu linavyokaa kimya: ilimwagiza Msajili ahakikishe kwamba matibabu yake yanaendelea. Hapa kitenzi cha tatu kipo, na kina mtenda mwenye cheo na ofisi.

Tena, agizo hilo halikumhitaji Serugendo awe amesamehewa. Aliuguzwa akiwa na hatia, akiwa mfungwa, huku kifungo chake kikiendelea kuhesabiwa. Hapa ndipo andiko la Arusha linapolizidi tangazo la sikukuu. Tangazo limefunga fundo moja kati ya huruma na matibabu: ili mgonjwa wa hatua za mwisho ashughulikiwe, sharti kwanza asamehewe, na akisamehewa, hatushughulikii tena. Ambaye kosa lake limo kwenye orodha ya wasiohusika anakosa hata sentensi. Anakufa ndani ya ukimya wa andiko. Hukumu ya Serugendo inalifungua fundo hilo. Inasema, kwa lugha yake kavu, kwamba kuuguza na kusamehe ni kazi mbili, na kwamba ya kwanza ni wajibu hata pale ambapo ya pili haiwezekani.

Lakini hukumu nayo ina ukimya wake, na mhakiki asiutaje atakuwa ameonea upande mmoja. Wakati watuhumiwa wa Arusha wanapata madaktari na, wale waliohitaji, dawa za kufubaza virusi, wanawake wengi waliobakwa na kuambukizwa VVU mwaka 1994 walikuwa wakifa Rwanda bila dawa hizo. Baadhi yao ndio waliosafiri kwenda kutoa ushahidi. Malalamiko hayo yalisemwa kwa sauti na mashirika ya haki za binadamu na ya manusura wenyewe, na hayajapoa. Karibu zaidi na nyumbani, kituo cha kuwashikilia watuhumiwa wa Umoja wa Mataifa kilikuwa ndani ya eneo la gereza la Kisongo, nje kidogo ya mji wa Arusha. Upande mmoja wa ua walilala wafungwa wa dunia, upande wa pili wafungwa wa Tanzania. Hukumu inayomtunza vizuri mchochezi haina neno kwa shahidi, wala kwa mwizi wa ng'ombe aliye upande wa pili wa ukuta.

Mama wa Kagera aliyemzika binti yake mwaka 1992 bila hata kidonge cha maumivu ana haki ya kuuliza: wa kwangu alikosea nini, hata wa redio ile akapewa hospitali ya Nairobi? Sina jibu la kumfanya anyamaze, wala sidhani anyamazishwe. Ninaloweza kusema ni kwamba swali lake lina njia mbili za kujibiwa. Moja ni kumnyang'anya Serugendo kitanda. Hiyo haimrudishii binti hata usiku mmoja wa usingizi. Ya pili ni kuchukua agizo lile alilopewa Msajili na kuuliza kwa nini hakuna aliyepewa agizo kama hilo kwa ajili ya binti. Kilichotendeka Arusha kilikuwa sawa. Kashfa ni kwamba kilitendeka Arusha peke yake.

Wapo watakaosema njia ya tangazo ni ya heshima zaidi, maana inamrudisha mtu kwa watu wake badala ya kumwacha afe akiwa mfungwa hospitalini. Walijaribu Scotland. Abdelbaset al-Megrahi, Mlibya aliyehukumiwa mwaka 2001 kwa kulipua ndege iliyoanguka Lockerbie mwaka 1988 na kuua watu 270, aliachiliwa Agosti 20, 2009, kwa sababu ya huruma. Alikuwa na saratani ya tezi dume, na ilikadiriwa amebakiza kama miezi mitatu. Alipofika Tripoli alipokewa kwa shangwe. Kisha hakufa. Mwezi wa nne ukaja, mwaka ukapita, na kila siku aliyoongeza ikageuka ushahidi kwamba kuna mtu amedanganya. Alifariki Mei 20, 2012. Mjadala wa miaka hiyo karibu mitatu ulikuwa juu ya kalenda: alipaswa kufa lini? Ukishaifanya huruma iwe biashara ya kubadilishana geti na kifo, mgonjwa anakuwa na deni, na deni lenyewe ni kufa kwa wakati.

Naliona deni hilohilo ndani ya jopo la waganga la kwetu. Jopo haliulizwi mgonjwa anaumwa kiasi gani, wala anahitaji nini. Linaulizwa kama amefika mwisho. Daktari anayejua kazi yake anaweza kueleza maumivu ya leo kwa uhakika mkubwa kuliko tarehe ya kifo. Tumemnyima swali analoliweza, tukampa lile ambalo hata Scotland lilimshinda.

Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa, zilizopitishwa upya Desemba 2015 na kuitwa Kanuni za Nelson Mandela, zinajaribu kurekebisha. Kanuni ya 24 inasema mfungwa apate kiwango cha huduma za afya kinachopatikana katika jamii. Kanuni ya 27 inasema uamuzi wa kitabibu ni wa mtaalamu wa afya, na ofisa wa gereza asiutengue. Ni maandiko mazuri, lakini lisome neno jamii ukiwa umekaa Kiruruma. Kama katika jamii hakuna wa kumfikia mgonjwa kitandani na chupa ya mofini, basi mfungwa na raia wanakuwa sawa kweli: wote hawana. Usawa wa namna hiyo unatimiza kanuni na kumwacha mtu akipiga kelele usiku.

Na chupa hiyo si ndoto. Mofini ya kunywa ni unga uliokorogwa na maji, na ni miongoni mwa dawa za bei nafuu. Uganda, ambayo ukivuka Mutukula uko kwao, ilipata taasisi yake ya kwanza ya kuwatunza wanaokufa mwaka 1993, Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na daktari Anne Merriman. Mwaka 2004 sheria yake ikawaruhusu wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu kuiandika mofini, ili mgonjwa wa kijijini asisubiri daktari ambaye hatakuja. Kilichowezekana Mbarara hakizuiliwi na hali ya hewa ya Karagwe.

Nchini Tanzania huduma ya namna hii imepewa jina la tiba shufaa. Sijui kama waliolichagua neno hilo walilipima uzito wake wote. Shufaa, kwa wanaolijua katika dini ya Kiislamu, ni uombezi: mwenye nafasi anasimama mbele ya mwenye uamuzi kwa ajili ya yule ambaye hana la kujitetea. Asiye na kosa hahitaji mwombezi, haki yake inamtosha. Shufaa ni ya mwenye hatia. Na mwombezi hasemi kwamba mtu huyu hakutenda. Anasema ametenda, nami naomba.

Kwa kipimo cha neno hilo, tangazo la sikukuu limeishia njiani. Linampa Rais kalamu, jopo muhuri, askari funguo, na halimpi mgonjwa mwombezi. Kulirekebisha hakuhitaji riwaya. Sentensi moja ingetosha, na nitaiandika kwa Kiswahili kilekile cha ofisini: mfungwa aliyethibitishwa kuwa na ugonjwa usioponyeka, awe anaachiwa au haachiwi, akabidhiwe kwa jina kwa hospitali iliyo karibu na mahali atakapolala, pamoja na dawa zake za maumivu, na Mganga Mkuu wa Wilaya aulizwe habari zake mpaka siku ya mazishi.

Na kule kwenye mteremko unaotazama bonde, dada apewe namba ya simu ambayo ikipigwa saa nane za usiku itapokelewa.